Saa 12:14 asubuhi, Januari 19, 2038: diski yako imejipanga?

Leo naomba tuweke siasa za majukwaani pembeni kidogo, ingawa mkinisoma mpaka mwisho mtaona hatujaenda nazo mbali sana.

Majuzi nilikuwa kwenye kafe moja ya intaneti ninayopenda kukaa jioni. Kijana anayeiangalia alikuwa anawasha ile mashine kubwa ya nyuma, ndiyo inayotunza mafaili ya wateja na hesabu za muda, nayo inatumia Linux. Akaniita. "Kaka, hebu njoo uone. Hii si virusi hii?" Kwenye skrini, katikati ya yale maandishi meupe yanayokimbia, kulikuwa na mstari mmoja unaosema kwamba mfumo wa faili wa sehemu inayoitwa /boot unaweza kuandika tarehe mpaka 2038-01-19 basi.

Nikamwambia hapana, si virusi, ni onyo. Limewekwa ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 5.4 la Novemba 2019. Linatoka pale mashine inapofungua diski ambayo itaishiwa tarehe ndani ya miaka 30 ijayo. Kijana akacheka sana. "2038? Kaka, mimi hata ya kesho kutwa sijaipanga!"

Nilicheka naye. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani kile kicheko kikaanza kunisumbua, maana nadhani ndicho kicheko chetu sote. Hebu tulitazame jambo lenyewe, kwa sababu kuna watu wachache sana duniani wamelihangaikia kwa miaka, wakalitatua, na bado ufumbuzi wao haujafika kwenye mashine ile. Na hautafika wenyewe.

KUFOMATI NI KUPIMA VIWANJA

Wengi wetu tukisikia "kufomati diski" tunafikiria kufuta. Kufuta ni matokeo tu. Kazi yenyewe ni kupima viwanja. Diski mpya ni pori. Inakuja programu, kwa upande wa Linux mara nyingi ni mke2fs, inapita na kamba yake: hapa barabara, hapa viwanja, hapa ofisi ya ardhi yenye jalada la kila kiwanja. Ikimaliza, mafaili yako ndiyo yanaingia kujenga.

Mke2fs haiko peke yake. Imo kwenye furushi la zana linaloitwa e2fsprogs. Ndani yake kuna e2fsck, fundi wa kukarabati umeme ukikatika ghafla, na kuna tune2fs, ambayo inarekebisha mambo kadhaa baada ya diski kuwa imeshafomatiwa. Zana hizi ndizo zinazohudumia familia ya ext2, ext3 na ext4. Na usidhani ni mambo ya maseva tu. Furushi hilohilo limo ndani ya chanzo cha Android, na ext4 imetumika kwenye simu za Android tangu Nexus S ya Desemba 2010. Kwa hiyo hata wewe unayesema hujawahi kugusa Linux, kuna uwezekano mkubwa umewahi kutembea nayo mfukoni.

Sasa lile jalada la kila faili huitwa inodi. Humo ndimo kunaandikwa faili ni la nani, lina ukubwa gani, lipo wapi kwenye diski, na lilibadilishwa lini. Ukubwa wa jalada unaamuliwa siku ya kufomati. Zamani lilikuwa baiti 128. Siku hizi ni baiti 256. Tofauti hiyo ndogo ndiyo habari yetu ya leo.

Na ndipo mfano wa viwanja unapouma. Kila aliyeishi mjini anajua: barabara ikipimwa nyembamba siku ya kwanza, watu wakishajenga, kuipanua ni bomoabomoa. Mpimaji alitumia dakika chache kuamua upana, nyie mnaishi na uamuzi wake miaka 30.

TATIZO LENYEWE

Linux inahesabu muda kwa sekunde, kuanzia Januari 1, 1970. Kwenye jalada la baiti 128, tarehe imepewa nafasi ya biti 32 tu, na namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Wengine mtakuwa mnapiga mswaki.

Baada ya hapo? Kwenye Linux za zamani hesabu inazunguka kinyume na faili linaonekana limeandikwa Desemba 1901. Kuanzia kerneli ya 5.4 wamefanya kistaarabu zaidi: tarehe inagota pale pale. Faili utakalolibadilisha 2039 au 2045, kwenye diski hiyo litasoma Januari 19, 2038. Yote yatakuwa na tarehe moja, sekunde moja.

Mtu atasema, kwani tarehe ya faili ina faida gani? Swali zuri. Chukua programu ya rsync, ambayo wengi hutumia kunakili mafaili kwenda diski ya akiba. Usipoipa maelekezo mengine, inatazama vitu viwili tu kujua kama faili limebadilika: ukubwa na tarehe. Sasa hesabu za duka zimebadilishwa tarakimu, 4 imekuwa 7, ukubwa ni uleule, na tarehe imegota. Rsync itapita moja kwa moja, itasema hakuna jipya. Hutaona kosa lolote kwenye skrini. Utaona siku diski kubwa imekufa na unarudisha kutoka kwenye akiba, ndipo unakuta hesabu za miezi ileee.

Hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa mimi. Ndege hazitaanguka, msinielewe vibaya. Ni mambo madogo yatakayoharibika kimyakimya kwenye mashine ambazo hakuna mtu anayezitazama.

WALIOLITATUA WALIFANYA NINI

Dawa ilikuwa jalada pana. Kwenye baiti 256 panabaki nafasi ya kuongeza biti mbili kwa kila tarehe, na biti mbili hizo zinaisogeza ext4 mpaka mwaka 2446. Kwa hiyo kuanzia mwaka 2008 e2fsprogs ikaanza kutumia baiti 256 kama chaguo-msingi, yaani kile ambacho programu inachagua yenyewe usipoiambia kitu.

Lakini palikuwa na kipengele. Kwa sehemu ndogo za diski, zilizo chini ya megabaiti 512, mke2fs iliendelea kutumia 128. Sababu yake si uzembe. Kwenye sehemu ndogo kila baiti ina thamani, na kuongeza jalada mara mbili kunakula nafasi ya mafaili. Tatizo ni kwamba /boot za mashine nyingi zilikuwa ndogo kiasi hicho. Kadi ndogo za vifaa mbalimbali nazo hivyohivyo. Kipengele hicho kiliondolewa kwenye toleo la 1.46.4, Agosti 2021. Piga hesabu: miaka 13 ya diski ambazo mwenyewe anajua ana ext4 ya kisasa, kumbe chumba kimoja cha nyumba bado kina tarehe ya mwisho.

Wenzao wa XFS, mfumo mwingine maarufu hasa kwenye maseva, walikuwa na tatizo hilohilo. Walilitatua kwenye kerneli ya 5.10 ya Desemba 2020 kwa kitu wanachokiita bigtime, kinachofika mwaka 2486. Baadaye xfsprogs, furushi la zana za XFS, likakifanya kuwa chaguo-msingi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipotaka tufike. Mabadiliko yote haya yanahusu diski inayofomatiwa leo. Ukisasisha Linux yako usiku huu, unapata mke2fs mpya, lakini viwanja vilivyopimwa 2014 vinabaki vilevile. Programu mpya haiingii kwenye diski ya zamani na kupanua majalada bila wewe kuiambia. Chaguo-msingi jipya humfuata anayenunua kipya.

Na nani hununua kipya? Kampuni kubwa yenye maghala ya seva hubadilisha diski kila baada ya miaka michache, na mwaka 2038 utakapofika huenda hawana hata diski moja ya kabla ya 2021. Watapita bila kujua palikuwa na shimo. Mashine yetu ya kafe ilifika ikiwa imeshatumika kwingine, ikafomatiwa mara moja na fundi ambaye simu yake haipatikani tena, na itaendelea mpaka ifuke moshi. Kompyuta ya miaka 14 kwetu hapa si maajabu. Basi mzigo wa chaguo la zamani unabaki kwa yule anayetunza kitu muda mrefu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye pesa kidogo. Niliwaambia hatujaenda mbali na siasa.

HABARI ZA MIAKA HII MIWILI MITATU

Ukitaka kujua kwamba wakubwa wa Linux wenyewe wanalichukulia jambo hili kwa uzito, tazama kilichotokea karibuni.

Mwaka 2024, kwenye kerneli ya 6.9, programu ya zamani ya kuendesha ext2 iliwekewa alama ya kuachwa, na sababu iliyoandikwa ni hiyohiyo: haiwezi tarehe za baada ya Januari 19, 2038. Diski za ext2 zenyewe bado zinafunguka kupitia programu ya ext4. XFS ya muundo wa zamani, ule wa V4, ilipangiwa kuzimwa kwenye mipangilio ya kawaida Septemba 2025 na kuondolewa kabisa Septemba 2030. ReiserFS, ambayo wazee wa SUSE mtaikumbuka, ilitangazwa kuachwa mwaka 2022 na ikatolewa kwenye kerneli ya 6.13 ya Januari 2025.

Kisha kuna bcachefs. Hii iliingia kwenye kerneli ya 6.7, Januari 2024, kwa shangwe kubwa. Wakaibuka watu wa kuisifu kwamba ext4 sasa ni ya makumbusho. Lakini mwandishi wake, Kent Overstreet, na Linus Torvalds hawakuelewana kuhusu utaratibu wa kazi, hasa kuhusu wakati gani mabadiliko makubwa yanaruhusiwa kuletwa. Agosti 2025 ikatangazwa kuwa inatunzwa nje, na kwenye toleo la 6.18 la Novemba 2025 ikatolewa. Kazi yake haijafa, inaendelea kama moduli ya kuongeza mwenyewe. Ila aliyefomati diski yake kwa bcachefs mwanzoni mwa 2024 akiamini imeingia moja kwa moja, chini ya miaka miwili baadaye anatafuta njia ya kuifungua kila anaposasisha kerneli.

Sitaki kuamua nani alikuwa na haki kwenye ule ugomvi. Ninachosoma ni hiki: unapochagua mfumo wa faili, kasi na mbwembwe zake ni sehemu ndogo ya unachochagua. Unachagua pia watu. Je, baada ya miaka 10 atakuwepo mtu wa kurekebisha zana zake, na wenzake watakuwa bado wanaongea naye?

KUBORESHA NAKO KUNA MTEGO

Kuna watakaosema, basi watunzaji wabadilishe haraka kila kitu, tumalize. Sawa, lakini na hapo pana mtego.

Februari 2023 lilitoka toleo la 1.47.0 la e2fsprogs. Mke2fs ikaanza kuwasha vipengele viwili vipya yenyewe, vya metadata_csum_seed na orphan_file. Ni vizuri tu kwa diski mpya. Lakini Debian walikuwa wiki chache kabla ya kufunga toleo lao la 12, na watu wanaotengeneza diski za mifumo ya zamani kwa kutumia mashine mpya wakakuta diski zao hazisomeki na zana za zamani. Ukazuka mjadala mkali mpaka ukapelekwa kwa kamati ya ufundi ya Debian. Mwisho wa yote, kwenye Debian 12 vipengele hivyo viwili vilizimwa kwenye chaguo-msingi.

Kwa hiyo mtunzaji anakaa katikati. Akichelewa kubadilisha, anazidi kuzalisha diski zenye kasoro, kama ile miaka 13. Akiwahi, diski ya mtu mwenye zana za zamani haifunguki, na huyo mtu mara nyingi ni sisi hawahawa. Ndiyo maana napata hasira kidogo mtu akisema kazi hii ni ya kubadilisha namba kwenye faili la mipangilio.

Na wanaoifanya ni wangapi? Theodore Ts'o amekuwa mtunzaji wa e2fsprogs tangu miaka ya 1990. Mtu mmoja, jina lilelile, tangu enzi ambazo wengi wenu hamjazaliwa. Wapo wanaomsaidia, lakini mlango wa kuingilia ni yeye. Upande wa XFS, Darrick Wong, ambaye ndiye aliyeandika ile bigtime, aliachia nafasi ya utunzaji mwaka 2023. Alieleza wazi kwamba alichoka kuwa mwandishi, mkaguzi, mjaribu na mtoa matoleo kwa wakati mmoja. Kazi zikagawanywa kwa watu kadhaa, na hilo ni jema. Lakini fikiria, zana inayopima viwanja vya nusu ya dunia inategemea kama fulani leo ameamka na nguvu.

Kwetu tumewahi kuwa na moyo wa programu huria. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na lilikuwa jambo la kujivunia. Ila tumezoea kushughulikia kinachoonekana: menyu, vitufe, maneno ya kwenye skrini. Huku chini kwenye msingi hatujashuka.

NILIVYOHARIBU, KISHA NIKATENGENEZA

Sasa turudi kafe. Kesho yake nilirudi na flashi yangu ya Linux. Nikamwambia kijana aandike:

sudo tune2fs -l /dev/sda1 | grep "Inode size"

Jibu: 128. Sehemu kubwa yenye mafaili ya wateja ilikuwa 256, tukapumua. Ni /boot tu.

Kuna amri ya tune2fs -I 256 inayopanua majalada bila kufuta mafaili, lakini inakataa diski zenye mpangilio unaoitwa flex_bg, nao upo kwenye ext4 nyingi. Ikatukatalia. Tukanakili vilivyomo kwenye /boot, nikafomati upya, nikarudisha mafaili yote, nikaizima mashine nikijiona mtaalamu. Ilipowaka ikasimama kwenye neno "grub rescue". Kijana akanitazama. Sikumtazama.

Kosa lilikuwa langu. Kila diski inayofomatiwa hupewa namba ndefu ya utambulisho, UUID, na mashine ilikuwa inaitafuta ile ya zamani. Ningeiandika pembeni kabla, ningempa mke2fs kwa -U na yasingetokea yote. Bahati nzuri namba hiyo ilikuwa kwenye ujumbe wa kosa na pia kwenye faili la /etc/fstab. Nikawasha kwa flashi, nikairudisha kwa tune2fs -U, mashine ikaamka. Lile onyo halikutoka tena. Jumla saa moja na nusu, na wateja wawili waliokasirika.

Nawasimulia ili msiseme sikuwaonya. Mnaotaka kujaribu, fuateni hivi:

1. Tazama kwanza. Amri ya df -T itakuonyesha una mfumo gani. Kwa ext4 tumia tune2fs -l kama hapo juu, na utazame kila sehemu, usiishie ile kubwa. Kwa XFS, xfs_info itakuonyesha bigtime=1 au bigtime=0.

2. Ukikuta 128 kwenye sehemu ya mafaili yako, usikimbilie. Muda bado upo. Nakili kila kitu kwenye diski nyingine, jaribu kufungua mafaili kadhaa huko, kisha ndiyo ufomati upya. Hata kama tune2fs inakubali kupanua, nakili kwanza: kazi ile inahamisha vitu vingi, na umeme ukikatika katikati umekwisha. Bila betri ya akiba usianze.

3. XFS ya muundo mpya wa V5 inaweza kubadilishwa kwa xfs_admin -O bigtime=1, diski ikiwa haitumiki. Ya V4 haiwezi, hiyo lazima ufomati.

4. Andika UUID kwenye karatasi. Karatasi, jamani.

5. Kama mashine yenyewe ni ya biti 32, fahamu kwamba diski nzuri haitoshi, programu zake nazo zina hesabu yake ya 2038. Debian 13 ya Agosti 2025 ilihamisha mifumo ya biti 32 kwenye tarehe za biti 64, lakini ile i386 ya kompyuta za zamani iliachwa, na haina tena programu ya kuisakinisha. Hiyo ni ya kustaafisha taratibu.

Na kwa kuwa mmevumilia mpaka hapa, zawadi. Mke2fs hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya msimamizi, ili diski ikijaa mfumo usikwame. Kwenye diski ya terabaiti 1 hizo ni kama gigabaiti 50 ambazo huzioni. Kwa diski ya kuhifadhi muziki na filamu tu, tune2fs -m 1 itakurudishia karibu gigabaiti 40 papo hapo, bila kufomati. Usifanye hivyo kwenye sehemu inayobeba mfumo wenyewe.

BASI TUFANYEJE?

Wapo watakaosema 2038 ni mbali, teknolojia itakuwa imebadilika. Inawezekana. Lakini ext2 ilianza 1993, na diski zake bado zinafunguka leo. Waliosema mwaka 1993 kwamba 2038 ni mbali walikuwa na haki kuliko sisi. Mashine inayofomatiwa vibaya leo kwenye kafe, shule au zahanati ina kila dalili ya kuwa bado inafanya kazi wakati huo, kwa sababu hatutupi kitu.

Sidai kila mtu awe mwandishi wa kerneli. Nasema kuna kazi tatu ambazo kijana mwenye saa moja ya intaneti anaweza. Ya kwanza ni kukagua mashine za pale unapokaa na kumweleza mwenyewe kwa lugha anayoielewa. Ya pili ni kuandika maelezo ya zana hizi kwa Kiswahili, maana kurasa za msaada za tune2fs ni ndefu na ngumu hata kwa anayejua Kiingereza. Ya tatu ni kuripoti kasoro vizuri unapoikuta: toleo gani, amri gani, ilijibu nini. Watunzaji wachache wale hawana diski zetu, hawana umeme wetu unaokatika, hawajui zana za miaka 10 iliyopita bado zinatumika wapi. Tukikaa kimya, watachagua bila sisi, na si kwa ubaya. Hawatuoni tu.

Yule kijana wa kafe sasa amebandika karatasi nyuma ya mashine: UUID, tarehe ya kufomati, na neno 256. Anasema atakayekuja baada yake asihangaike. Nilimpita jana, nikamkuta anamfundisha mwenzake ile amri ya tune2fs -l.

Haya, uwanja ni wenu. Kagueni, kisha niambieni hapo chini: yako imesema 128 au 256?